Sanduku Halivuki Mto

Funguo za duka nilimpa Jules wiki iliyopita, na tangu hapo kila asubuhi mkono wangu unazitafuta mfukoni, kama ulimi unaotafuta jino lililong'olewa. Jules na wenzake, vijana wanaotengeneza simu hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, wameniomba niandike kazi ilivyokuwa zamani. Nikawauliza: mtasoma kweli, ninyi ambao hamsomi hata karatasi ya chaja? Wakacheka, lakini hawakuondoka. Basi naandika. Kiswahili nitajitahidi kiwe cha vitabu, kile tulichochapiwa fimbo na walimu wa misheni. Watu wangu nitawaacha waseme cha kwetu, ambamo watu ni bantu, wafu ni bafu, ndiye ni njo na mahali ni fasi, maana nikiwasahihisha watanuna, hata wale waliokufa.

Jina langu ni Furaha, ila Baraka nzima inaniita Mama Manete. Sikuzaa mtoto wa jina hilo. Manete ni kile kishikio chenye vitufe ambacho mchezaji anakikamata mbele ya televisheni, na mimi nilikuwa na duka la kutengeneza redio mchana na kuchezesha michezo jioni. Cheo sikupata kamwe. Nilikuwa bosi na kibarua wa duka hilo hilo, na mara nyingi hao wawili hawakupatana.

Kazi nilifundishwa na Papa Asani, fundi wa redio, wakati nchi bado inaitwa Zaire. Siku ya kwanza nilikwenda na kitenge kipya, nimejiandaa kushika bisibisi. Akanipa redio iliyofunguliwa mgongo.

"Nusa," akasema.

"Ninuse nini, Papa?"

"We nusa kwanza. Macho inadanganyaka. Pua, hapana."

Nikanusa redio asubuhi nzima, wateja wakipita na kuuliza kama binti huyu ana mafua. Karibu na chakula cha mchana nikakipata kipande kidogo kilichonuka manyoya ya kuku yaliyoungua, nikamwonyesha. Hakunisifu. Alinipa chuma cha kulehemu, kile tulichokipasha moto juu ya mbabula, jiko la makaa, kama watu wanaochoma mahindi, na nikajua nimeajiriwa. Papa Asani alikuwa na neno lake moja: mashine haina kiburi, ukiona imekataa ujue hujaiuliza vizuri. Ninyi wa simu mnapenda kusema "hii imekufa" kabla hata hamjaifungua. Nuseni kwanza.

Na hapa nitoe onyo ambalo nimelitoa maisha yangu yote bila kusikilizwa na mtu: msipulize kaseti. Katika mashine za zamani mchezo ulikaa ndani ya kaseti ya plastiki, na ikigoma kila mtu aliichomoa akaipuliza fuuu, utadhani ni uji. Pumzi ina mate, na mate yanaleta kutu. Chukua kitambaa, chovya kwenye lutuku, ile pombe yetu kali ya mihogo, pangusa meno ya kaseti, acha yakauke. Lutuku inayobaki ni haki ya fundi.

Mashine yangu ya kwanza ya michezo ililetwa na mfanyabiashara wa Uvira ikiwa kimya kabisa, naye akaenda zake asirudi. Niliifufua kwa majuma. Ilikuja na mfuko wa kaseti: za kuruka, za kupiga bunduki, za mbio za magari, na moja ya rangi ya dhahabu iliyoandikwa Kijapani kitupu. Nilipoichomeka, hakuna kuruka, hakuna kupiga. Watu wanne wadogo wanatembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wanaorudi shambani, na chini yao maandishi yanamwagika. Nilitaka kuitupa.

Waliniokoa wanafunzi watatu wa sekondari. Alimasi alikuwa mtoto wa mvuvi, Mubembe wa kando ya ziwa, kijana anayebishana hata na kivuli chake. Zawadi alikuwa binti wa mama muuza unga aliyekuwa na meza mbele ya duka langu, na kichwa chake hakikusahau kitu. Gadi alitoka kule juu milimani, katika familia za wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Baba yake alimteremsha akae kwa mchungaji mmoja wa hapa Baraka ili asome. Alisema kidogo, na kabla ya kushika manete alinawa mikono kwenye beseni langu, kila siku, kama mtu anayekwenda kula. Mchezo ulitaka wanne, nami nilikuwa na ufunguo, kwa hiyo nikawa wa nne. Walinipa yule mnene anayetembea nyuma. Hawakunieleza kwa nini.

Kijapani hatukukijua, tukakisoma kwa kukijaribu. Ukibonyeza neno hili unapiga, ukibonyeza lile unakimbia, na Gadi ndiye aliyegundua neno linaloponya. Toka siku hiyo akawa daktari wetu. Alimasi akawa mbele na upanga, bila kumwomba mtu ruhusa.

Halafu Alimasi akauawa. Tulikuwa ndani ya pango, zimwi likampiga, mtu wake akatoweka, na mahali pake likaja sanduku. Sanduku la maiti, lenye msalaba. Tukipiga hatua, nalo linatufuata.

"Njo mi huyo?" akauliza Alimasi.

"Njo we," akasema Zawadi.

Jules ananiambia kwamba dunia nzima watu wakifika hapo wanaendelea tu na safari, sanduku nyuma, wanapigana, wanatafuta hazina, watamfufua mwenzao baadaye wakipata nafasi. Sisi hatukujua kama hilo linawezekana, na hata tungejua tusingelifanya. Kwetu mtu akifa njiani safari imekwisha. Hutembei na maiti huku unauliza bei ya chumvi. Zawadi akaturudisha mpaka kijijini, akawasimamisha watu wetu kando ya nyumba, akaweka manete chini, na tukakaa matanga. Kweli kabisa. Mama yake akachungulia, akatukuta kimya mbele ya televisheni.

"Ni nani amekufa?"

"Alimasi," Gadi akamjibu kwa heshima.

Alimasi alikuwa amekaa pale pale anatafuna karanga. Yule mama karibu aangushe beseni la unga.

Tuliomboleza mpaka Gadi, kwa kuchoka, akaanza kuingia nyumba moja baada ya nyingine, na katika nyumba moja akamkuta padri. Akabonyeza. Sanduku likaondoka, Alimasi akasimama. Kelele tulizopiga zilimtoa Papa Asani dukani kwake, upande wa pili wa barabara. Basi hiyo ikawa sheria ya duka, tukaisema kama methali: sanduku halivuki mto. Mtu akianguka, wote tunarudi, hata kama tumebakiza hatua mbili. Mwalimu mmoja mgeni kutoka Bukavu alitucheka, akasema tunapoteza muda. Alimasi akamuuliza, "Mwalimu, kwenu Bukavu munatembezaka bafu mu muji?" Mwalimu akamaliza chai yake.

Kazi ngumu kuliko zote katika maisha yangu ilitoka kwenye kaseti hiyo. Ndani yake mlikuwa na betri ndogo iliyokumbuka tulikofika, na betri ikaanza kuchoka. Ukiitoa, kaseti inasahau kila kitu. Papa Asani alinishikia kioo ili mwanga wa jua uingie, nami nikalehemu betri ya saa kando ya ile ya zamani, kwanza, zote mbili zikiwa pamoja, ndipo nikaitoa ya zamani. Liandikeni hilo ukutani: mkono wa kwanza usiachie kabla wa pili haujashika. Nilipowasha, wanne wetu walikuwa wamesimama pale pale tulipowaacha, na nilijisikia fundi.

Mafuta yalianza kukosekana kabla risasi hazijaanza kulia. Grupu, yaani jenereta, ikawa ya kukalia. Siku moja Alimasi akalalamika kwamba ameachwa mlangoni pa pango, na Zawadi akamwambia, "Basi ingia. Mi nitakuambia nini iko ndani." Akaanza kusimulia. Tukamuuliza tutajuaje kama pigo limepata au limekosa. Nikachukua vizibo vitano vya bia: unarusha, vinavyotazama juu ni nguvu yako. Tangu hapo televisheni ilikuwa meza ya kuwekea chai. Zawadi alikuwa mazimwi, vijiji, mvua na padri. Dunia yake ilikuwa na milima ya Fizi na mashamba ya mihogo ya Mboko, na zimwi la barabarani halikutaka kupigana, lilitaka kitambulisho. Wavuvi wakaja kusikiliza. Alimasi alibishania kila kizibo: kimeegemea jiwe, kimeguswa na upepo, kirushwe upya. Hakuacha hata kimoja kipite.

Juzi Jules alinisomea kwenye simu yake asili ya michezo ile. Kumbe kabla ya televisheni kulikuwa na watu ng'ambo huko, wamekaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanarusha dadu na kusema mimi nafanya hivi, mimi nafanya vile. Mchezo huo ukapita kwenye kompyuta, Wajapani wakaupokea, wakautengeneza kwa namna yao, ukawa kaseti. Jules alifikiri nitashangaa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wao waliutoa mchezo mdomoni wakautia kwenye mashine. Sisi, bila mtu kutuambia, tuliutoa kwenye mashine tukaurudisha mdomoni. Na wetu ulikuwa mtamu zaidi. Nabisha na yeyote.

Mwaka ule ambao vita vya kwanza vya nchi yetu vilikuja, maneno ya redio yalibadilika. Kabila la mtu likawa kosa. Sisi tulikuwa tumefika kwenye mto. Zawadi alikuwa ameuweka mpana, na mji wa mwisho uko ng'ambo. Tulipaswa kuvuka kesho yake. Asubuhi hiyo baba yake Gadi alishuka kutoka milimani, mzee mrefu mwenye koti, akanisalimia kwa mikono miwili na kusema mtoto anarudi nyumbani leo. Gadi alikuja na begi la shule.

"Mama Manete, musivuke bila mi."

"Kwenda, daktari!" Alimasi akamtania. "Ng'ombe za baba yako zitakusahaulisha hata jina."

"Munichungie fasi yangu," Gadi akasema. Alisema kwetu sote, lakini alikuwa anamtazama Alimasi. Kisha wakashika njia ya mlima, baba mbele, mtoto nyuma.

Majuma machache baadaye tukasikia kwamba watu wa kwao waliokuwa wanaishi miji ya kando ya ziwa wanakamatwa na kuuawa. Nyumba ya mchungaji ikawa tupu. Kama Gadi na baba yake walifika, hakuna aliyejua. Niliogopa, nasema wazi. Niliwaogopa watu ambao redio zao zilikuwa mezani kwangu. Askari walikuja, wakaenda, wakaja wengine, na sisi tukacheza safari nyingine ndogo ndogo, lakini ile ya mto hatukuigusa.

Vita vya pili vikaja, na mauaji ya Makobola, ambayo watu walisema yalifanywa na wa kabila la Gadi. Shangazi yake Alimasi aliishi Makobola na watoto wake. Alimasi alikwenda kuwazika. Siku nyingi hakuja dukani. Siku aliyokuja alikaa, akamtazama Zawadi.

"Tuvuke."

"Bila Gadi?"

"Gadi si mutu wetu. Bantu yake njo baliua bantu yangu. Mutie yeye mu sanduku, tuvuke, tumalize hii mambo."

"Sanduku halivuki mto."

"Basi mutupe mu maji!"

"Uliona amekufa?" Zawadi hakushusha macho. "Alimasi, nakuuliza. Uliona?"

"Hapana."

"Basi haiko mu sanduku. Iko mu safari."

Alimasi akapiga teke vizibo, akatoka. Mimi nililia. Nilimlilia shangazi yake, aliyekuwa anatuletea samaki wa kukaanga na kutukaripia kwa kukaa gizani, na nilimlilia Gadi. Mtu atakayesema machozi hayo mawili hayakai katika jicho moja hajaishi kwetu Fizi. Kisha nikapiga magoti nikaviokota vizibo, kimoja kilikuwa kimeingia chini ya kabati.

Mimi, Zawadi na Alimasi tulivuka ziwa kwenda upande wa Kigoma, pamoja na watu wengi, tukaishia katika kambi ya wakimbizi. Nilibeba chuma cha kulehemu, kaseti niliyoifunga kwa mifuko miwili ya plastiki, na kopo la vizibo. Papa Asani alikataa kutoka. "Redio za bantu ziko hapa, nani atazinusa?" Niliporudi miaka baadaye nilionyeshwa kaburi lake nyuma ya nyumba. Nililia hapo pia, halafu nikafagia.

Kambini nilitengeneza redio chini ya hema, na hakuna miaka niliyofanya kazi vizuri kama ile, maana vipuri havikuwapo, ikabidi nibuni. Zawadi aliwachezesha watoto kwa vizibo, safari za kila namna. Wote walijua hadithi ya wanne waliosimama mtoni, na kila mara mmoja aliuliza, "Bale bane, bangali kwa mto?" Siku moja kijana mmoja mkubwa, Bahati, mwenye akili nzuri, akasema, "Mi naweza kuwa daktari. Munipe, tuvuke." Nilimtazama Alimasi. Alikuwa pembeni anatia mpini kwenye jembe, na nilijua atasema ndiyo, maana ndicho alichokitaka kwa miaka. Hakuinua kichwa.

"Ile fasi iko na mwenyewe," akasema.

Akaendelea na jembe lake. Sikumuuliza, na ninyi msingemuuliza.

Vita vilipotulia tulirudi Baraka. Duka lilikuwa kuta tatu. Nikaezeka, nikapata grupu nyingine, nikapangusa kaseti kwa lutuku, nikawasha. Betri yangu ya saa ilikuwa imekwisha. Wanne hawakuwapo, kulikuwa na mahali patupu pa kuanzia. Watoto waliokulia kambini walijazana kuona ule mchezo mkubwa wenyewe, wakatazama weee.

"Mama, ni hii tu?"

"Ni hii."

"Zimwi haisemi kitu?"

"Haisemi."

Wakatoka nje kumwomba Zawadi vizibo. Nikazima ili nisipoteze mafuta.

Gadi alikuja siku ya soko. Watu wa milimani walikuwa wameanza tena kushusha ng'ombe kuuza, na mlangoni kwangu akasimama mwanamume mwenye kofia na viatu vya mvua, fimbo mkononi. Udaktari hakusomea; alikuwa mchunga ng'ombe kama baba yake. Barabarani mtu alisema neno ambalo sitaliandika. Zawadi alikuwa kwenye meza ya unga aliyoirithi kwa mama yake, akanyanyuka. Na ndani ya duka, akingoja redio yake, alikuwa Alimasi.

Alimasi akasimama. Nilikuwa na chuma cha moto mkononi na sikujua nakishikia nini.

"Alimasi," akasema Gadi. "Nilisikia ya shangazi yako. Nililia sana kule juu. Alikuwaka ananipa samaki."

Alimasi akaitazama fimbo mkononi mwa Gadi. Kisha akauliza, "Na baba yako?"

"Balimuua. Ile siku tuliachana na ninyi hapa, mu njia, mbele ya kufika kwetu. Mi nilifika peke yangu."

Alimasi aliyekuwa amekunja ngumi akazikunjua. Alisema, "Pole, ndugu yangu," kwa sauti ndogo, na sikuwahi kumsikia akisema kitu kwa sauti ndogo.

Gadi akavua kofia. "Na mulifika wapi?"

Alimasi akaisukuma benchi kwa mguu, ikaja mpaka kwa Gadi. "Fasi ile ile. Kwa mto."

"Miaka yote hii?"

"We mu sanduku haukuwa. Hapa haukuwa. Tungevuka na nani?"

Gadi akaenda kwenye beseni, akanawa mikono. Zawadi alikuwa ameshaingia, viganja vyeupe kwa unga. Nikaweka chuma chini, nikaleta kopo, nikakaa mahali pangu pa nyuma.

"Mto iko mupana," akasema Zawadi akikaa. "Na maji iko baridi. Bane beko?"

"Beko," akajibu Alimasi.

Gadi akavitikisa vizibo, akavirusha. Vikazunguka mezani, vikatulia, na vyote vitano vilitazama chini: hakuna nguvu hata moja. Nilivitazama vizuri. Alimasi naye alivitazama. Zawadi akavikusanya haraka kwa mkono wake wenye unga.

"Mumevuka," akasema.

Na Alimasi, ambaye maisha yake yote hakuacha kizibo kimoja kipite bila ubishi, akasogea kwenye benchi ili Gadi akae.